Samaki Wawili, Jina Moja

Mazungumzo yetu ya leo ni ya samaki. Bei yao tutaizungumza siku nyingine, ingawa najua inavyotuumiza. Leo nataka tuzungumze juu ya ukoo wao: nani ni ndugu wa nani chini ya maji, nani tunamwita kwa jina la mwenzake, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa jimbo la Tshopo kuliko watu wengi duniani.

Tuanze na mahali tulipo. Mto wetu ukitoka Ubundu unashuka maporomoko saba ya Boyoma, karibu kilomita 100 za miamba na maji ya vurugu, mpaka lile poromoko la mwisho hapa Kisangani, ambako wavuvi Wagenia husimika magogo yao kati ya mawe na kuning'iniza vikapu vikubwa vya kuvulia. Juu ya maporomoko maji yanaitwa Lualaba, chini yake yanaitwa Kongo. Kwa samaki wengi hapo ni mpaka kweli. Wako wanaoishi juu wasioonekana chini, na wako wa chini wasiopanda juu, na wataalamu huyahesabu maporomoko hayo kuwa mstari unaotenga samaki wa Kongo ya juu na wale wa Kongo ya kati. Tukishuka kidogo tu tunapokea mto Lindi, ambao umekwisha kumeza mto wetu Tshopo. Isangi tunapokea Lomami, Basoko tunapokea Aruwimi, na mbele zaidi Itimbiri. Kila mto una maporomoko yake, rangi yake ya maji, na vijito vyake vilivyofichwa msituni. Samaki aliyefungiwa ndani ya kijito kwa maelfu ya miaka hubadilika polepole, mpaka siku moja anakuwa aina nyingine kabisa ingawa sura yake haijatengana sana na ya nduguye. Ndiyo maana bonde la Kongo lina spishi za samaki zaidi ya 1,200 zinazojulikana, na nyingi kati yake hazipatikani penginepo popote.

Nimesema zinazojulikana. Zinajulikanaje? Kwa zaidi ya miaka mia moja kazi hiyo ilifanywa kwa macho, rula na uvumilivu. Mtaalamu anahesabu magamba ya mstari wa ubavuni, anahesabu miiba na vijiti vya mapezi, anapima kichwa, jicho, mkia, anatazama sharubu ni ngapi na madoa yako wapi. Hivyo ndivyo Georges Boulenger alivyofanya kazi huko London mwishoni mwa karne ya 19, alipompa mbenga wetu mkubwa jina la Hydrocynus goliath mwaka 1898. Hivyo ndivyo Jean-Pierre Gosse alivyowachunguza samaki wa Yangambi na maji wanamoishi, akachapisha kazi yake mwaka 1963. Kazi hizo bado ni msingi wetu. Lakini waliozifanya walijua vizuri ugumu wake: wako samaki ambao ukiwaweka wawili mezani huwezi kuapa kama ni spishi moja yenye sura mbili au spishi mbili zenye sura moja.

Hapo ndipo vinasaba vinapoingia. Ndani ya kila seli ya kiumbe kuna molekuli ndefu ambayo wataalamu huiandika kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mzazi humpa mtoto nakala, na mara chache nakala hiyo hukosewa herufi moja. Makundi mawili ya samaki yakiacha kuzaliana, kila kundi hukusanya makosa yake. Kadiri muda unavyopita, tofauti za herufi zinaongezeka. Basi ukisoma sehemu moja ya vinasaba katika samaki wengi, unaweza kukadiria nani yuko karibu na nani. Sehemu hiyo inayosomwa ndiyo tunayoiita alama ya vinasaba.

Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walipendekeza kwamba wanyama wote wasomwe sehemu ileile moja, jeni linaloitwa COI, lenye kipande cha herufi 650 hivi. Jeni hilo limo katika mitokondria, zile sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati. Wazo lao lilikuwa kwamba kipande hicho kifupi kitoshe kutaja jina la kiumbe, hata kama unacho kipande cha nyama tu, au yai, au samaki mchanga ambaye hajapata umbo la wazazi wake. Dunia nzima ililipokea wazo hilo, na wataalamu wa samaki hawakubaki nyuma.

Kwetu sisi kazi hii ilipata nguvu mwaka 2010. Mwaka huo nchi yetu ilitimiza miaka 50 ya uhuru, na watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walipanda mashua hapa Kisangani wakashuka na mto wakikusanya mimea, wadudu, ndege, popo na samaki. Safari ile iliitwa Boyekoli Ebale Congo. Katika miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Kisangani kilipata Kituo chake cha Uchunguzi wa Bioanuwai, ili vitu vinavyokusanywa Tshopo vipate nyumba Tshopo.

Niwaeleze jinsi samaki anavyochukuliwa, maana utaratibu wenyewe una akili ndani yake. Mvuvi akileta samaki, mtafiti humpiga picha kwanza kabla rangi haijafifia. Kisha hukata kipande kidogo cha pezi na kukitia katika kichupa cha alkoholi chenye namba. Mwili wa samaki hutiwa formalini ili ukakamae, baadaye huhamishiwa kwenye alkoholi, ukiwa na namba ileile. Pezi lazima likatwe kabla ya formalini, kwa sababu dawa hiyo inahifadhi umbo vizuri sana lakini inavikatakata vinasaba. Na mwili hautupwi hata baada ya herufi kusomwa. Siku mtu atakapotilia shaka jina lililoandikwa, atarudi kwenye mwili ule ahesabu magamba upya.

Sasa tuje kwenye matokeo. Mwaka 2016 Eva Decru, Jos Snoeks, Emmanuel Vreven, Erik Verheyen na wenzao walichapisha uchunguzi wa samaki wa kaskazini-mashariki mwa bonde la Kongo, yaani samaki wa kwetu. Walichukua sampuli 821 za spishi 206, zote zikiwa zimekwisha kutambuliwa kwa macho na vipimo. Wakasoma COI ya kila mmoja, halafu wakauliza swali rahisi: je, herufi zinakubaliana na majina?

Walipotumia kipimo chepesi, yaani kumpa kila samaki jina la yule anayefanana naye zaidi kwa herufi, jina lilikuwa sahihi kwa asilimia 87.5. Walipotumia kipimo kikali, kinachodai samaki wote wa jina moja wakae pamoja bila kuchanganyika na wengine, usahihi ulishuka hadi asilimia 64.1. Zaidi ya theluthi moja ya sampuli, basi, hazikupita. Na samaki hawa hawakutambuliwa na wanafunzi wa juzi. Walipitia mikononi mwa watu wanaowajua samaki wa Afrika kwa kiwango cha juu kabisa.

Kosa lilikuwa la namna mbili. Namna ya kwanza: katika jenasi kumi, za familia sita tofauti, vinasaba vilionyesha aina nyingi kuliko majina yaliyokuwepo. Samaki walioitwa kwa jina moja walikuwa wamegawanyika ndani kwa ndani, kila kundi na herufi zake. Namna ya pili ni kinyume chake: mara nne walikuta dalili kwamba majina mawili tofauti yanamhusu samaki mmoja. Tena walithibitisha matatizo yaliyokuwa yakisemwa tangu zamani kuhusu jenasi fulani katika familia ya kambale, wale tunaowaita ngolo, katika familia ya domodomo wenye umeme mdogo, na katika ile familia kubwa ya samaki wa magamba inayojumuisha wale wadogo wa vijitoni.

Hao wadogo wa vijitoni wanastahili neno la pekee. Wengi wako katika jenasi ya Enteromius. Ni samaki wa urefu wa kidole, watoto huwavua kwa ndoana ndogo, na mama huwakausha au kuwafunga katika majani pamoja na pilipili. Hakuna anayewapa heshima. Mwaka 2017 Van Ginneken na wenzake waliwarudia, wakasoma vinasaba vyao na kuwapima mwili mmoja mmoja, na walikuta utajiri uliojificha: chini ya majina machache kulikuwa na nasaba nyingi, nyingine zikitofautiana pia kwa vipimo vya mwili pale mtu alipojua mahali pa kupima. Vinasaba viliwaambia wapi watazame, na walipotazama waliona.

Jambo kama hilo lilitokea kwa jirani zetu wa Ziwa Edouard, mpakani mwa Kivu Kaskazini na Uganda. Mwaka 1939 Max Poll aliwahi kumpa samaki mmoja mdogo wa huko jina la Barbus alberti. Baadaye jina hilo lilifutwa, samaki akahesabiwa kuwa ni spishi nyingine inayojulikana kwingineko. Mwaka 2020 Heidi Maetens na wenzake waliunganisha vipimo na vinasaba, wakaonyesha kwamba Poll hakukosea. Samaki akarudishiwa jina lake, sasa Enteromius alberti, baada ya kuishi miaka mingi chini ya jina la mwingine.

Ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kudhani kwamba sasa tumepata mashine ya kutatua kila ubishi. Hapana. Naomba tusikilizane vizuri hapa, kwa sababu heshima ya sayansi iko katika kujua mipaka yake.

Mitokondria hurithiwa kwa mama. Baba hachangii. Kwa hiyo kusoma COI peke yake ni kama kuuliza ukoo wa mtu kwa wajomba zake tu: utapata habari za kweli, lakini nusu ya familia hujaisikia. Samaki wa spishi mbili wakizaana, mtoto huonekana kuwa wa ukoo wa mama yake mtupu, na uchotara wake hauonekani kabisa. Ndiyo maana wataalamu huongeza alama za kiini cha seli, zinazotoka kwa wazazi wote wawili, na siku hizi husoma maelfu ya alama hizo kwa pamoja.

Mfano mkubwa uko Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu wakati huo wamezuka humo samaki wa kundi la furu spishi 500 hivi. Muda ni mfupi mno kwa mageuzi. COI haiwezi kuwatenganisha. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walisoma alama nyingi za kiini na kugundua kwamba furu wa eneo lile lote la Victoria walitokana na kuchanganyika kwa nasaba mbili za kale, moja ya mto Nile ya juu na nyingine ya Kongo. Fikirini hilo. Damu ya samaki wa bonde letu imo katika samaki wa Mwanza, Kisumu na Entebbe, na uchotara ule wa kale ndio uliowapa uwezo wa kugawanyika haraka namna ile.

Mfano wa pili uko ndani ya mto wetu wenyewe. Wale domodomo wenye umeme mdogo hutoa mapigo ya umeme majini, mapigo ambayo sisi hatuyahisi bila chombo, na kwa mapigo hayo hujua njia gizani na hutambuana. Mwaka 2006 Philine Feulner, Ralph Tiedemann na wenzao walichapisha uchunguzi wa jenasi ya Campylomormyrus wa mto Kongo. Kulikuwa na samaki ambao kwa macho ni vigumu kuwatenga, lakini mapigo yao yalikuwa tofauti. Vinasaba, vya mitokondria na vya kiini, vikakubaliana na umeme: walikuwa spishi tofauti zinazoishi katika maji yaleyale. Baadaye, mwaka 2009, walionyesha kwamba jike wa spishi mojawapo humpendelea dume mwenye mapigo ya spishi yake. Samaki wenyewe, basi, walikuwa wakijuana muda wote. Ni sisi tuliokuwa hatuwajui.

Najua yuko mama sokoni anayenisikiliza huku akipanga samaki wake, na anasema: "Mwanangu, mambo ya herufi yatanisaidia nini? Samaki ni wa kula na kuuza." Mama, swali lako ni la haki, na nitalijibu.

Tuseme kuna samaki mdogo anayeitwa kwa jina moja kuanzia Itimbiri mpaka Lindi. Serikali ikiulizwa, itajibu kwamba samaki huyo yupo kila mahali na hana hatari. Lakini kama kumbe ni spishi tatu, moja ya Itimbiri, moja ya Aruwimi na moja ya Lindi, hesabu inageuka. Dhahabu inachimbwa kwenye Aruwimi, matope yanafunika mawe ambako samaki hutaga mayai. Kwenye vijito, watu humwaga sumu majini au kukokota chandarua cha mbu kinachozoa mpaka wachanga. Spishi ya mto mmoja ikiisha, haitaletwa kutoka mto wa jirani, kwa sababu wa jirani si yeye. Tutakuwa tumempoteza kiumbe huku vitabu vikisema bado yupo tele. Na huwezi kupanga msimu wa kufunga uvuvi kwa samaki usiyejua anazaa lini, wala huwezi kujua anazaa lini ikiwa umemchanganya na wenzake wawili wenye majira tofauti.

Kuna pia habari ya mabwawa. Ufugaji wa samaki ni jambo jema, unalisha watoto wetu. Lakini tilapia wa Nile anayefugwa hakai siku zote bwawani. Mvua ikizidi anaponyoka. Kaskazini mwa Tanzania, katika bonde la mto Pangani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia alama za vinasaba kuangalia kama tilapia walioletwa wanazaana na wenyeji, akiwemo Oreochromis jipe aliye katika hatari kubwa ya kutoweka. Machotara walipatikana, ingawa hawakuwa wengi. Wenzetu wanajua sasa mahali ambapo wenyeji bado ni safi na wanaweza kulindwa. Sisi tunaopanua mabwawa pembezoni mwa Kisangani tunahitaji ujuzi huo mapema, kabla ya maji kuchanganyika.

Basi tufanye nini? Nina maoni yangu, na nayasema wazi.

Kwanza, kazi hii ifanyike zaidi hapahapa. Sampuli nyingi za bonde letu zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na zimehifadhiwa vizuri, nawashukuru waliozitunza. Lakini kijana wa Kisangani asilazimike kupata viza ili amwone samaki wa Lindi. Chuo Kikuu cha Kisangani kimeonyesha kwamba watu kinao: orodha kubwa ya samaki wa Itimbiri, Aruwimi na Lindi/Tshopo iliyochapishwa mwaka 2017 iliandikwa na Decru na wenzake wa Ulaya pamoja na watafiti wa kwetu Danadu, Walanga na Mambo. Kinachohitajika ni umeme usiokatika kwa ajili ya majokofu, alkoholi ya kutosha, vifaa vya kusomea vinasaba, na mishahara inayomruhusu mtafiti kubaki maabara badala ya kukimbilia kazi nyingine mchana.

Pili, tusifundishe vijana kusoma herufi bila kuwafundisha kumshika samaki. Vinasaba vikionyesha makundi matatu chini ya jina moja, lazima mtu aamue ni kundi lipi linabaki na jina la zamani. Jibu liko kwa yule samaki wa kwanza aliyepewa jina, ambaye mara nyingi amelala katika chupa tangu zamani na vinasaba vyake vimeharibika. Yeye hujibu kwa magamba na mapezi tu. Tena benki za herufi za dunia zinategemea jina lililoandikwa na mtu. Jina likiwa la uongo, kompyuta itaurudia uongo huo kwa kila atakayeuliza.

Tatu, mvuvi aulizwe, na jina lake la samaki liandikwe kando ya lile la Kilatini. Mgenia aliyelelewa kwenye maporomoko hutofautisha samaki kwa mahali walipo, kwa saa wanayoingia kikapuni, kwa majira, kwa ladha. Anaposema hawa wawili si wamoja, hiyo ni hoja inayostahili kupimwa kwa vinasaba. Huenda akawa amekosea, huenda akawa sahihi kuliko kitabu. Utafiti unaompita bila salamu unajinyima msaidizi ambaye hakuna fedha inayoweza kumnunua.

Ndugu zangu, mto huu ndio umetulisha, ndio umeujenga mji huu. Kumlinda samaki kunaanza na kumjua, na kumjua kunaanza na kukubali kwamba bado hatujamaliza kumhesabu. Wazazi wenye watoto wanaopenda biolojia, msiwakatishe tamaa mkiwaambia haina kazi. Kazi ipo, imejaa mtoni tangu Ubundu hadi Bumba, na inawasubiri wao.